UZI: Vifaranga wa bata wanakufia ndani? Kagua pumba kabla ya kulaumu baridi

mama_kanyenye (Tabora)

Wakuu, habari za humu.

Kuna swali halikauki kwenye jukwaa hili. Vifaranga wa bata wametotolewa wazima, wamechangamka, siku chache baadaye mmoja anachechemea, kesho yake wawili wamelala shingo imepinda nyuma, wiki ikiisha boksi ni tupu. Likiulizwa, majibu ni yale yale: baridi hiyo, ongeza taa. Mimi nafuga hapa Tabora mjini, vifaranga nawalea ndani ya nyumba, na msimamo wangu ni mmoja. Baridi inaua, sikatai. Lakini wengi wanaokufia majumbani mwetu wanauawa na kile tunachowawekea kwenye sahani, tena tunawawekea kwa mapenzi yote.

Nianze na joto tulimalize, maana halina maneno mengi. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hivi, kisha unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki mpaka wazoee hali ya hewa ya kawaida. Kama huna kipimajoto, waangalie wao. Wakirundikana chini ya taa huku wanalia, wana baridi. Wakikimbilia kwenye kingo za boksi midomo wazi, unawachoma, pandisha taa. Wakilala wametawanyika hovyo na kimya, waache hivyo hivyo. Mchana wa Oktoba hapa Tabora taa ya nini? Ila usiku wa Juni na Julai usiuamini hata kidogo. Na balbu iwe zile za zamani za waya zinazounguza mkono. Hizi za LED ni mwanga tu, kifaranga anakufa anajiona.

Maji. Bata si kuku: hali chakula kikavu bila kuteremshia na maji, na lazima aweze kuzamisha mdomo mpaka tundu za pua asafishe, la sivyo pua na macho vinaziba kwa chakula kilichoganda. Kwa hiyo chombo kiwe na kina cha kuzamisha mdomo, lakini kisiwe cha kuzamisha kifaranga. Jaza kokoto kubwa katikati ya sahani, wanywe pembeni. Usiku ukiondoa maji, ondoa na chakula.

Watachafua. Hilo likubali mapema, maana kifaranga wa bata akipewa glasi moja ya maji anakulowanishia chumba kizima. Tandika maranda au maganda ya mpunga, toa yaliyolowa kila siku, weka makavu. Magazeti msitandike wiki ya kwanza. Yanateleza, miguu inaachana kushoto na kulia, kifaranga anabaki anaogelea sakafuni. Akishapatwa, mfunge kitambaa chembamba laini kati ya miguu miwili ili ikae usawa wake wa kawaida, siku mbili tatu anasimama, mradi umemwahi akiwa bado mdogo. Marumaru nazo ni hivyo hivyo, hata kama unajivunia nyumba yako mpya.

Sasa chakula, ambako ndiko nilikotaka kufika.

Saa 24 za kwanza, hata zaidi, hana shida, bado anakula kiini cha yai alichoingia nacho tumboni. Msimlazimishe. Baada ya hapo sisi wengi tunafanya nini? Tunachota pumba za mahindi zile za kuku wakubwa, tunalowanisha, tunaweka. Pumba zenyewe zimekaa kwenye kiroba stoo tangu lini hakuna anayejua, kiroba kimelalia sakafu ya saruji, mvua za Machi zimepita juu yake. Kuku wakubwa wanakula na hawafi, kwa hiyo tunasema chakula ni kizuri.

Tatizo ni sumukuvu, sumu inayotolewa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga. Kati ya ndege tunaofuga, kifaranga wa bata ni miongoni mwa wanaoathirika nayo haraka kupita wote. Kiasi ambacho kifaranga wa kuku anakivumilia, huyu kinammaliza ini. Na kuna jambo watu hawalifikirii: mahindi yakipelekwa mashineni kukobolewa, sehemu kubwa ya sumukuvu inatoka na ganda la nje. Sembe lako linapungua sumu, pumba zinaongezeka. Wewe unakula ugali mweupe, bata anabeba mzigo wote.

Mkitaka kujua pumba zenu, ingizeni mkono mpaka chini kabisa ya kiroba, si juu. Chota, finya, fungua kiganja. Zikibaki bonge wakati hazijalowanishwa, zina unyevu. Zikishikana kwa nyuzi nyuzi za utando, zikiwa na rangi ya kijani au kijivu, au zikinuka stoo iliyofungwa muda mrefu, usimpe bata wa umri wowote. Ila na hili mlijue: sumukuvu haina harufu yake wala rangi yake. Pumba zinaweza kuonekana safi na bado zikawa nayo. Na kuchemsha hakusaidii, joto la jikoni haliivunji. Ndiyo maana mimi kwa vifaranga situmii pumba za mahindi kabisa wiki tatu za kwanza. Natumia stata, yaani chakula cha dukani cha kuanzia cha vifaranga wa kuku, isiyo na dawa, inayotoka kwenye mfuko uliofungwa, na nauliza tarehe. Dukani wakisema "zote ni sawa tu mama", naondoka.

Stata nailowanisha kidogo kwa maji ya vuguvugu. Kikavu chenye vumbi kinawakaba. Ninacholowanisha asubuhi hakilali mpaka jioni, kinachobaki namwaga mbali na banda.

Nimemaliza. Ulizeni, pingeni.

---

Kaka Reli (Kigoma)

Nimevuta kigoda. Ila mama nikupinge kidogo kwa heshima. Bibi yetu hapa Mwanga amefuga bata miaka yote na hajawahi kununua stata hata gramu moja. Bata wake wanatotoa uani, wanazunguka nyuma ya mama yao, jioni wanarudi. Hakuna taa, hakuna kipimajoto. Haya mambo ya nyuzi 32 si tunajitafutia presha?

---

mama_kanyenye

Kaka Reli, shikamoo kwa bibi. Hajakosea, ila anafuga kitu kingine. Vifaranga wake wana mama. Mama ndiye taa, ndiye mwavuli, na ndiye anayewapeleka penye wadudu na majani mabichi. Kifaranga wa uani anakula mchwa, minyoo, konokono wadogo, mbegu za nyasi, na pumba anazidonoa tu akipita. Wa kwenye boksi hana pa kwenda, anakula ulichoweka, chote, kutwa. Ndiyo maana pumba zile zile zinamuua wa ndani na wa nje anapona.

Ukiwa na mama mtulivu, mwachie watoto wake. Uzi huu ni wa wale waliototolesha kwa mashine, waliowekea mayai kuku, au mama kaliwa na mbwa. Na muulize bibi vizuri: wanatoka wangapi na wanarudi wangapi jioni? Wafugaji wa uani huwa hatuwahesabu waliopungua.

---

Kaka Reli

😂😂 Nimemuuliza. Amesema "nenda kachote maji." Nimekuelewa mama.

---

binti_ujiji (Kigoma)

Dada mama_kanyenye asante kwa uzi. Mimi niliweka mayai ya bata kwa kuku, wametoka vizuri, sasa wana wiki ya pili na zaidi. Hawafi, lakini watatu miguu imeanza kupinda, viungo vimevimba, wanatembea hatua mbili wanakaa. Wanakula vizuri tu. Nawapa unga wa dona uliochekechwa, kila siku mpya, hauna ukungu, mahindi ni ya kwetu Kasulu, nilikausha mwenyewe. Nifanye nini?

---

mama_kanyenye

Mdogo wangu, hapo si sumukuvu, ni niasini. Ni vitamini ya kundi B. Kifaranga wa bata anaihitaji karibu mara mbili ya kifaranga wa kuku, akiikosa miguu ndiyo inasema. Mahindi yanayo, lakini imefungwa ndani ya punje kwa namna ambayo tumbo lake haliwezi kuifungua. Kwa hiyo dona hata liwe safi namna gani, likiwa peke yake litampindisha miguu. Protini nayo haitoshi kabisa.

Na wewe uko Ujiji! Una dagaa mlangoni. Nunua wasio na chumvi, wapepete mchanga (wale walioanikwa chini wana mchanga wa kutosha kujengea choo, tafuta wa kwenye chanja), saga, changanya. Ukiwa na makopo kumi ya chakula: sita mahindi yaliyoparazwa, mawili mashudu (makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta) ya soya au alizeti, moja na nusu dagaa wa kusaga, nusu pumba laini za mpunga zilizotoka mashineni juzi, si mwaka jana. Mashudu uyakague kama nilivyosema. Juu yake katakata mchicha au majani mabichi laini, uyaweke yaelee kwenye maji yao, watayagombania. Kama una duka la dawa za mifugo karibu, nunua vitamini za kuchanganya kwenye maji, usome kwenye pakiti kama niasini imo. Ikiwa haijaandikwa, haimo.

Waliopinda kidogo huwa wananyooka ukiwahi. Yule ambaye kifundo kimeshachomoka, sikudanganyi, huyo ataishi lakini kwa kuchechemea.

---

binti_ujiji

Dagaa wapo, shida ni bei. Hasa ziwa likifungwa kwa uvuvi. Ile 2024 walivyofunga Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 hata binadamu tuliwaona dagaa kwa kuwatazama tu. Mkosa dagaa afanyeje? Karanga je? Nimesikia zina hiyo niasini.

---

mama_kanyenye

Zinayo, tena nyingi. Lakini karanga na mahindi ndiyo mazao mawili yanayopendwa na kuvu kuliko yote. Sisi huku Tabora ni watu wa karanga, na najua zinazokwenda kwa mifugo ni zipi: zilizosinyaa, zilizotobolewa, zilizobadilika rangi, yaani zile tulizochambua tukasema hizi si za kuuza. Hizo ndizo zenye sumu. Kama unataka kumpa karanga, mpe zile ambazo ungemkaangia mgeni wako. Roho ikikuuma kuzitoa, basi usimpe.

Wakati wa ziwa kufungwa nunua mapema, kausha vizuri, hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko. Au tega mchwa. Chukua chungu, jaza mabua makavu na samadi ya ng'ombe iliyolowanishwa, kifudikize juu ya njia ya mchwa jioni, asubuhi kifunue. Wadogo wape wachache wachache, wasishindilie.

---

Bwana Mifugo Mstaafu

Mleta uzi yuko sahihi kuhusu sumukuvu, niongezee historia kidogo maana vijana wanadhani ni jambo la juzi. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya laki moja ndani ya miezi michache, na vifaranga wa bata wakafa pia. Hawakujua ni nini, wakauita tu ugonjwa X wa bata mzinga. Walipofuatilia wakakuta chanzo ni mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, yameota kuvu. Ndipo sumu hii ikajulikana. Na mnajua maabara zilipimaje chakula kama kina sumu, kabla ya vipimo vya kisasa? Walimlisha kifaranga wa bata wa siku moja, kisha wakaangalia ini lake. Walimchagua kwa sababu hakuna aliyekuwa mwepesi kuonyesha kama yeye. Na sisi wenyewe 2016 tulizika watu Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hii hii, kwa hiyo mnapokagua chakula cha bata, kagueni na ghala la familia.

Dalili zake kwa kifaranga: anaacha kula, anadumaa, anayumba, miguu na nyayo zinakuwa na rangi ya zambarau kwa damu iliyovilia chini ya ngozi. Kabla ya kufa anatetemeka na shingo inavutwa nyuma. Ukimpasua, ini limepauka.

Lakini hapa naomba tuwe waangalifu. Shingo kuvutwa nyuma si alama ya sumukuvu peke yake. Kuna homa ya ini ya bata inayoletwa na virusi. Hiyo inawapiga walio chini ya wiki sita, hasa wiki tatu za mwanzo, na kasi yake ni ya kutisha: asubuhi wazima, jioni wanahesabika. Bata wakubwa wa banda hilo hilo wanaweza wasionyeshe chochote. Kwa macho huwezi kutofautisha. Wakifa kwa mkupuo, chukua mzoga mbichi, weka kwenye mfuko na barafu pembeni, usiugandishe, wahi kwa daktari wa mifugo wa wilaya. Wakala ya Maabara ya Veterinari (TVLA) ina kituo Tabora, wenzangu wa kanda ya magharibi msikitupe.

Na mwisho, antibayotiki za kuku msiwanyweshe bata kwa kubahatisha. Zipo dawa ambazo kuku anazivumilia na kifaranga wa bata moyo unamshinda.

---

mama_kanyenye

Mzee wangu shikamoo. Hapo kwenye homa ya ini nakubali, nilisema shingo nyuma kana kwamba ni jambo moja. Uzi umepata mwenyewe.

---

Bwana Mifugo Mstaafu

Marahaba mwanangu. Endelea.

---

Nzega_mpunga

Mwangaluka wakuu. Sisi huku umeme ukikatika usiku ndiyo basi mpaka asubuhi. Nimezoea kuwawekea jiko la mkaa chumbani, nafunga mlango na dirisha joto lisitoke. Safari hii nimewakuta wamelala kama wamesinzia, wote, na joto lilikuwa zuri kabisa. Pumba zangu ni safi. Ni nini?

---

mama_kanyenye

Mwangaluka kaka. Ni moshi usioonekana. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na ndege wanakufa kwayo kabla yako kwa sababu mapafu yao yanavuta upesi. Kabla yako, nimesema. Kama mnalala chumba hicho au cha jirani, mshukuru Mungu kwamba wao ndio wametangulia. Usirudie.

Umeme ukikatika chemsha maji, jaza kwenye chupa au kidumu, funga vizuri, kizungushie kitenge chakavu, laza katikati ya boksi wajiegemeze. Funika nusu ya boksi na blanketi, nusu iache wazi wapumue. Kikipoa unabadilisha. Inachosha, ndiyo. Wengine wanapasha tofali au jiwe kwenye mafiga, wanalifunga kitambaa kizito. Nalo linashika joto muda mrefu, ila lijaribu kwa shavu lako kwanza.

---

mwalimu_wa_zamu (Kigoma)

Uzi mzuri. Watoto wangu wamechukua karai wamejaza maji, wamewatumbukiza vifaranga wa siku tatu "waogelee kwa sababu ni bata". Waliogelea vizuri sana, tukapiga na picha. Jioni wawili wamekakamaa. Si bata hawa? Mbona wa ziwani nawaona wadogo kabisa majini?

Halafu kituko kingine, wananifuata mimi. Nikienda chooni wanapanga mstari mlangoni.

---

mama_kanyenye

Wa ziwani wana mama, mwalimu. Bata ana tezi ya mafuta juu ya mkia, anajipaka manyoya yote. Vifaranga wakilala chini ya kifua chake wanapakwa pia, ndiyo maana maji yanateleza juu yao. Wako hawajapakwa, na tezi zao bado changa. Yale malaika ya manjano yanalowa mpaka kwenye ngozi, wanapoa, wanakufa. Kuku akiwalea ni hivyo hivyo, hana mafuta ya kuwapa.

Wiki ya kwanza ikishapita, siku yenye jua, waweke kwenye beseni, maji ya vuguvugu yasiyozidi urefu wa miguu yao, dakika chache, wewe umesimama hapo hapo, kisha wafute na uwarudishe kwenye joto wakauke kabisa. Kuogelea kwa uhuru wasubiri wavae manyoya ya kweli, wiki sita hivi, na hawa wetu wenye nyama nyekundu usoni wanachelewa zaidi.

Hilo la chooni ni la kwako 😂. Wamekuona wa kwanza, basi wewe ndiye mama. Kuna Mwaustria mmoja, Konrad Lorenz, aliandamwa hivyo hivyo na vifaranga wa bata bukini mpaka akashirikishwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1973. Dai na wewe. Ila watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapowashika, na waache kuwabusu, bata wanabeba salmonela hata wakiwa wazima.

---

Kaka Reli

Mimi nichangie la ulinzi, maana hapa ndipo Kigoma tuna digrii. Mnaongelea sumukuvu, hamumjui kenge. Ukikaa karibu na ziwa au makorongo, kenge anaingia bandani mchana kweupe, anameza vifaranga kama anakunywa uji, na mayai anamalizia. Wavu wa kuku wa matundu makubwa kwake ni pazia. Weka wavu wa matundu madogo, uzike chini ya udongo, na tundu lolote linalopitisha ngumi liziba. Panya nao wanamtoa kifaranga miguu usiku wakati amelala, unaamka unadhani ni ugonjwa.

Na siafu. Mvua za kwanza zikinyesha, weka miguu ya meza ya boksi kwenye makopo yenye maji na mafuta ya taa kidogo. Bibi ndiye kanifundisha, huyu mliyekuwa mnamcheka.

---

mama_kanyenye

Hatujamcheka bibi, tumemuuliza hesabu tu. Ushauri wa makopo nauchukua.

---

sikonge_nyuki

Maswali ya haraka haraka. Machicha ya pombe ya kienyeji wanaweza kula? Mashudu ya mawese jamaa yangu wa Kigoma ananiletea bure? Na mayai yangu yamefika siku ya 30 hayajapasuka, niyatupe?

---

mama_kanyenye

Machicha: wakubwa kidogo, ya siku hiyo hiyo. Vifaranga hapana, yana kileo na yanachacha ndani ya masaa. Mashudu ya mawese ni makavu yenye nyuzi nyingi, kifaranga hayawezi, wape nguruwe wa jirani.

Mayai usitupe! Inategemea bata gani. Bata weupe wa kisasa na wengine wengi wanatotoa siku ya 28. Huyu wa kienyeji mwenye nyama nyekundu usoni anakwenda mpaka 35. Watu wamemwaga vifaranga hai kwa kuhesabu siku za bata mwingine. Na yai likishatobolewa tundu la kwanza, mwache. Anaweza kukaa siku nzima na zaidi akipumzika, bado anavuta damu na kiini kuingia tumboni. Ukimmenya wewe anavuja damu kwenye kitovu.

---

binti_ujiji

Dada nimerudi. Nimewapa dagaa na mchicha, na vitamini nimepata yenye niasini. Wawili wamesimama, wanatembea. Wa tatu bado anakaa chini lakini anakula. Sasa wanakua haraka mno na boksi limejaa. Naweza kuwachanganya na kuku wangu? Kuku nina wengi, wamechanjwa mdondo.

---

mama_kanyenye

Safi. Huyo wa tatu mtenge, wenzake watamkanyaga, na mwekee chakula na maji pale pale alipokaa.

Usiwachanganye. Bata anaweza kuubeba mdondo bila yeye kuumwa na kuwaletea kuku, na maji yanayomwagwa na bata yatawaozesha kuku banda lao. Weka uzio, kila mmoja na chombo chake cha maji. Chanjo ya kuku ya matone ya jicho, ile ya I-2, endelea nayo kwa kuku kila miezi mitatu. Kwa bata muulize mtaalamu wa kata yako atakavyoona.

Na wakifika wiki ya tatu hivi anza kupunguza dagaa kidogo kidogo, ongeza majani. Protini ikizidi wakati manyoya ya mabawa yanaota, bawa linazidiwa uzito linapinda nje. Ukiona limeanza, likunje upande wa mwili, lifunge kwa kitambaa laini, siku chache, unalifungua kila siku anyooshe. Wa kwangu wapo wanaohitaji kufungwa sasa hivi, ngoja nikatafute kitambaa.

---

Nzega_mpunga

Mama, kiroba nimekiinua nikakiweka juu ya mbao. Chini kulikuwa kumeshikana kabisa. Nimemwaga shimoni nikafukia, maana nikimwaga nje kuku wa jirani watakuja.